Miguu ya mtoto ikiwaka moto baada ya dawa ya saratani

Mtoto amerudi nyumbani Tanga baada ya wiki kadhaa za matibabu ya saratani jijini Dar es Salaam. Uvimbe umepungua na ameanza kula. Ghafla anakataa ndala. Anasema miguu inamchoma, usiku analia, na akitembea anajikwaa hata mahali pasipo na kitu. Jirani mmoja anasema ugonjwa umerudi, mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Mama anajiuliza: ampeleke tena kudungwa dawa ileile?

Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi maumivu ya namna hii hutokana na dawa, na yanaweza kushughulikiwa bila kuacha matibabu.

Kwa watoto, dawa inayojulikana zaidi kwa tatizo hili ni vinkristini. Hutibu saratani ya damu, ya figo, ya jicho, na ile ya kuvimba taya ambayo Dkt. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Asili yake ni mmea wa Madagaska wenye ua la waridi au jeupe la petali tano, unaopandwa kama pambo kwenye nyumba nyingi za pwani. Lakini kuuchemsha nyumbani si tiba, una sumu.

Seli ya saratani huongezeka kwa kugawanyika, na ili igawanyike inahitaji vijinyuzi vyembamba vilivyo ndani yake. Vinkristini huvizuia visijengeke. Mishipa ya fahamu nayo huvitegemea vijinyuzi hivyo kama reli: hupitisha mahitaji kutoka karibu na uti wa mgongo hadi kwenye ncha za vidole. Reli ikiharibika, kituo cha mwisho ndicho hukosa mzigo kwanza. Ndiyo maana vidole vya miguu huanza, kisha vya mikono. Ncha zilizodhoofika hupeleka ubongoni habari za moto na sindano, ilhali ngozi haina jeraha.

Mtoto mdogo hawezi kueleza ganzi. Mzazi aangalie kama anaburuta nyayo, anainua sana magoti akitembea, anashindwa kufunga vifungo vya shati, analalamikia taya au anakosa choo siku kadhaa. Asingoje tarehe ya kliniki. Apige simu wodini au aende hospitali iliyo karibu na karatasi za matibabu. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuiahirisha, kutoa dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu au kupanga mazoezi ya viungo. Aelezwe pia dawa nyingine zote anazotumia mtoto, kwa kuwa baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli, huongeza makali ya vinkristini.

Nyumbani, mtoto avae viatu vinavyofunika vidole, na nyayo zikaguliwe kila jioni. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mzazi. Asikandwe kwa maji ya moto, maana mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Watoto wengi hupata nafuu, ingawa huweza kuchukua miezi baada ya dawa kumalizika. Saratani iliyokatiziwa matibabu njiani haimsubiri mtu. Mtoto akisema miguu inawaka, wa kwanza kuambiwa awe daktari wake, kabla ya jirani.