BAHARI GANI HIYO ILIYODAI BUNDUKI?

Wapo mabwana mpaka leo wasemao kwamba Tanzania ilipiga kelele za bure kule Singapore, Januari 1971. Ati silaha zilikuwa biashara tu, sisi tukazitia siasa. Wanachama, tusikubali kufunzwa historia na watu wa namna hii.

Tarehe 7 Agosti 1963 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote ziache kuwauzia Makaburu silaha. Ufaransa iliendelea kuwauzia ndege na nyambizi bila haya. Uingereza ilizuia mwaka 1964, lakini Bwana Heath aliposhika serikali mwaka 1970 akataka mlango ufunguliwe tena. Alidai kuwa silaha hizo ni za kulinda njia ya meli kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kwa mujibu wa mkataba wa Simonstown wa 1955, wala si za kuwaonea Waafrika.

Twauliza: serikali iliyoua watu 69 pale Sharpeville mwaka 1960 ilikuwa ikilinda bahari gani? Ukimlindia jambazi ua wake, umempa nafasi ya kwenda kuvunja nyumba ya jirani.

Hayo ndiyo waliyoyakataa Mwalimu Nyerere, Kaunda na Obote mbele ya wakuu wa Jumuiya ya Madola. (Obote alipinduliwa tarehe 25 Januari, hata hajafika kwake, na London ikamtambua Amin kwa haraka ya ajabu.) Mkutano ukaunda kamati ya nchi nane ichunguze usalama wa bahari. Kamati haijaanza kazi, Februari Waingereza wakatangaza kwamba sheria yawalazimu kuuza helikopta za Wasp! India na Nigeria zikajitoa. Mazungumzo gani hayo, na mwenzako amekwisha kata shauri?

Na bahari yenyewe? Mwaka 1975 Uingereza iliuacha mkataba wa Simonstown, na meli zikapita kama kawaida. Mwaka uliofuata watoto wa Soweto wakapigwa risasi. Ndipo tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama likaifanya marufuku kuwa ya lazima, Uingereza nayo ikiafiki.

Iliondolewa tarehe 25 Mei 1994, siku 15 baada ya Mandela kuapishwa. Bwana Heath alitaka kuuza Mandela akiwa bado mfungwa Robben Island.