Ukitaka gari la mbio la kukaa nalo Nakuru, nunua linalosomeka

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata nizungumzie magari, kwa sababu kuna ushauri unaozunguka kati yetu sisi waandika programu wa hapa Nakuru na nimechoka kuusikia. Ushauri wenyewe ni huu: ukianza kulipwa kwa dola na kampuni ya ng'ambo, na roho yako inataka gari la kasi, chukua lililo jipya kabisa kadiri mfuko unavyoruhusu, lenye farasi wengi kabisa, ikiwezekana la Ulaya. Mengine utayaona mbele ya safari.

Naupinga ushauri huu wote, kuanzia juu hadi chini.

Kwa anayetaka kukaa na gari miaka miwili kisha aliuze, sina neno. Aende akafurahi. Ninayezungumza naye ni yule anayetaka gari moja tu la kasi, alitunze miaka kumi na tano au ishirini, alipandishe Mau Summit Jumamosi asubuhi na Jumatatu limpeleke kazini. Kwa mtu huyo, akiwa anaishi Bonde la Ufa, jibu langu ni Subaru WRX STI yenye injini ya EJ20, ile ya cc 1994, iliyoachwa jinsi ilivyotoka kiwandani. Najua wengine mmeshaanza kucheka. "Gari la vijana wa kelele!" Chekeni, lakini someni hadi chini.

Kwanza tuangalie kalenda, maana hapa hakuna muda wa kuzubaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Shirika la Viwango, yaani KEBS, husogeza mwaka huo mbele kila Januari. Gari lililosajiliwa 2019 mwisho wake kuingia ni tarehe 31 Desemba 2026. La 2020 mwisho wake ni Desemba 2027. Sasa linganisheni na hili: Subaru walifunga oda za STI ya EJ20 kule Japani Desemba 2019, wakamalizia na toleo la mwisho la magari 555 tu. Machi 2022 wakatangaza kwamba STI nyingine ya petroli ya kizazi kipya haitakuja. Kwa maneno mengine, mlango unafungwa pande zote mbili, kiwandani na bandarini Mombasa. Baada ya hapo STI za Japani za Kenya zitakuwa ni zile zilizomo nchini tayari, na kila moja itakayogonga mti Salgaa itapunguza hesabu.

Mitsubishi Lancer Evolution ilishapitia njia hiyo. Uzalishaji wake uliisha katikati ya muongo uliopita, na dirisha la kuiingiza likafungwa. Anayetaka Evo leo ananunua ya mtu hapa hapa nchini, pamoja na siri zake zote.

(Kwa wanaopenda hesabu: chukua gari lenye thamani ya 100 machoni pa KRA. Ushuru wa forodha 35% unakupeleka 135. Ushuru wa bidhaa 25% unakupeleka karibu 169. VAT 16%, karibu 196. Ongeza ada za tamko la uingizaji na za reli, unafika 200. Umenunua magari mawili, ukaendesha moja. Injini ya petroli ikizidi cc 3000 ushuru wa bidhaa unakuwa 35%, na ile 200 inakuwa kama 216. Na thamani yenyewe KRA hawaitoi kwenye risiti yako, wanaitoa kwenye orodha yao ya bei za magari mapya kisha wanapunguza kwa umri.)

Sasa tuje kwenye hewa, jambo ambalo washauri wa "farasi wengi" hawaligusi kamwe. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa Mombasa ni takriban kilopaskali 101. Hapa kwetu ni kama 81. Panda hadi Timboroa, juu ya mita 2,700, ni karibu 73. Injini isiyo na turbo hula hewa iliyopo, haina ujanja. Kwa hiyo lile gari zuri la silinda sita lisilo na turbo, lililoandikwa farasi 300 kwenye karatasi, hapa Kenyatta Avenue lina kama 240, na Timboroa lina kama 215. Umelipia farasi 300, themanini na tano wamebaki pwani wanaogelea.

Turbo inaweza kufidia. Lakini si bure. Kuikandamiza hewa kutoka 101 hadi 200 ni kuizidisha mara mbili. Kuikandamiza kutoka 81 hadi 200 ni mara mbili na nusu. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na hewa ya moto ndiyo huleta injini kugonga. Wahandisi wa Subaru walilijua hili. Ndani ya kompyuta ya injini kuna jedwali linaloshusha lengo la presha ya turbo kadiri presha ya hewa ya nje inavyoshuka. Mtu ambaye hajawahi kuuona mlima anaweza kulifuta jedwali hilo ili gari "liamke", na linaamka kweli, hadi siku moja ukipanda Mau pistoni inapasuka.

Tena petroli. STI ya Japani iliandikiwa petroli yao ya kiwango cha juu, ambayo hufika okteni 98 hadi 100. Super yetu ya kawaida ni 93. Kwa hiyo gari hili likitua hapa linahitaji kusomwa na kurekebishwa kwa upole, kuelekea chini. Ndiyo, chini! Nani atakuambia hivyo katika wale wanaokuuzia farasi?

Najuaje habari za hilo jedwali? Kwa sababu nimelifungua nikaliona. Hapa ndipo ninapotaka waandika programu wenzangu wanisikilize vizuri. Programu ya kompyuta ya STI ilichokonolewa zamani na watu wa kujitolea. Kuna RomRaider, programu huria, msimbo wake wote uko wazi. Kuna EcuFlash ya kusoma na kuandika kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Kuna waya unaochomekwa chini ya usukani na kuingia kwenye laptopu. Majedwali yana majina, unayasoma moja baada ya jingine kama unavyosoma mradi wa mtu mwingine: muda wa kuwasha cheche, kiasi cha mafuta, presha ya turbo. Huna haja ya kubadilisha chochote. Kuweza kusoma tu kunatosha kukuondoa gizani.

Linganisha na magari mengi mapya ya Ulaya. Kompyuta zimefungwa kwa saini za siri, moduli zinatambuana, na ukibadilisha kipuri kimoja lazima kiandikishwe kwa chombo cha mtengenezaji ndipo gari likikubali. Rafiki yangu mmoja wa Milimani ana gari la aina hiyo, sitalitaja jina. Moduli moja ilikufa. Fundi wa hapa mjini, mzee mwenye uzoefu wa miaka thelathini, akaitoa, akaweka nyingine nzima kabisa, na gari likakataa kuwaka. "Kijana wangu," akamwambia, "mkono wangu umefika mwisho wake. Hii sasa ni ruhusa, si ufundi." Likapandishwa lori hadi Nairobi, likakaa huko wiki sita. Sisi ambao hatuwezi kukubali seva ambayo hatuna nywila yake, tunakubalije gari la mamilioni ambalo nywila yake iko bara jingine? Na miaka kumi na mbili ijayo, yule mwenye nywila akiamua gari lako ni la zamani mno, utamwandikia barua?

Halafu vipuri. Injini ya EJ20 ilianza na Legacy mwaka 1989 ikaendelea kwa miaka thelathini. Si kila kitu kinaingiliana, lakini bushi, pampu ya maji, vihisi, bearingi za magurudumu, vitu vingi vya familia hiyo viko Nakuru hii hii, na kisichopatikana hapa kiko barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kinapanda matatu asubuhi na saa nane unakishika. Mafundi wetu wamezifungua injini hizi hata wamechoka nazo. Ujuzi huo haukuja kwa bahati. Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1993 na Subaru Vivio ya cc 660, ambayo si kubwa kuliko friji. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000. Watoto walioziona zikipita ndio mafundi wa leo.

Mtasema: Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, kule Naivasha, Toyota ndiyo iliyoshinda, Sébastien Ogier na Yaris. Kweli. Na GR Yaris ndiyo mpinzani pekee ninayemheshimu katika mjadala huu. Ilitoka 2020, cc 1618, silinda tatu, turbo, farasi 272, magurudumu yote manne yanavuta. Kwa sheria ya miaka minane, zile za kwanza zitaingia hadi mwisho wa 2027, na mpya zaidi zitafuata. Mtu akiniambia ameichagua sitabishana naye sana. Ila injini yake haina ndugu wengi barabarani kwetu, na kulala miaka kumi na tano na injini ambayo fundi wa mtaani hajaizoea ni kamari. Labda miaka sita ijayo nitasema vingine. Leo hapana.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa wenye STI wenyewe, maana nanyi mna makosa yenu. Mnalichukua gari lililobuniwa vizuri, mnatoa kichujio cha hewa cha kiwandani mnaweka koni ya wazi yenye sauti tamu. Katika mji huu? Mji ambao watu husema jina lake lenyewe kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi? Pale Kariandusi wanachimba daiatomaiti, udongo mwepesi kama unga wa ngano, na upepo hauulizi ruhusa. Vumbi hilo likipita kwenye koni linakwenda kusugua visu vya turbo na kuta za silinda. Magari ya mashindano yanayokuja Naivasha huwekewa mirija ya kuvutia hewa juu karibu na paa kwa sababu ya vumbi hili hili, wewe unaleta koni chini karibu na bampa!

Na tafadhali msichanganye injini. Kuna STI za cc 1994 na kuna za cc 2457. Hizi za pili ziliuzwa Marekani, Uingereza na Australia, na Japani pia kuna ile ya A-Line ya otomatiki. Injini hiyo ya cc 2457 inajulikana duniani kote kwa kupasuka kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, hasa ikigonga. Inatoa msukumo mzuri mapema, sikatai. Lakini kwa miaka ishirini, na petroli yetu, na milima yetu, mimi siigusi. Wauzaji wengi huandika "STI" tu kwenye tangazo. Uliza cc, soma kitabu cha gari, kisha soma bamba lenyewe chini ya boneti.

Ukipata unayoitaka, usianze na rangi wala sauti ya ekzosi. Chomeka waya, soma namba ambayo RomRaider huiita IAM. Hii ni imani ya kompyuta ya gari juu ya petroli na hali ya injini. Kwenye magari ya miaka ya karibuni huenda kutoka 0 hadi 1. Injini yenye afya hukaa kwenye 1. Ukiikuta imeshuka, gari linakuambia limekuwa likigonga, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Ila kuna ujanja: akichomoa betri kabla hujafika, kumbukumbu hufutika. Kwa hiyo usisome gari likiwa limesimama. Liendeshe kutoka mjini hadi Gilgil na kurudi, hapo mteremko na mpando vyote vipo, kisha usome tena. Muuzaji akikataa safari hiyo, rudisha funguo.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pampu ya maji pamoja nao. Asipokuwa na risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na utoe gharama hiyo kwenye bei palepale. Kijiti cha oili chomoa wewe mwenyewe, injini ikiwa imepoa, na baada ya kulipa uendelee kukichomoa kila ukijaza tangi.