Kutoka Kamiriithu hadi Butere: kwa nini mchezo wa kuigiza unawatisha wakubwa?

Tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere, Kaunti ya Kakamega, walipanda jukwaani mjini Nakuru katika tamasha za kitaifa za drama. Hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Nje ya ukumbi, polisi walikuwa wakifyatua vitoa machozi kuwatawanya wananchi waliokuja kuwatazama.

Wasikilizaji wetu wameuliza swali moja: serikali yenye polisi, bunge na bajeti inaogopa nini kwa watoto wa shule? Hebu tulifuatilie pole pole.

Kilichotokea

Mchezo wenyewe unaitwa "Echoes of War". Uliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega na baadaye katibu mkuu wa chama tawala cha UDA kabla ya kutoka. Unasimulia habari za nchi ya kubuni, vijana wake wa mitandaoni na uongozi unaowachosha. Hautaji Kenya. Lakini ulikuja miezi michache baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, na kila mtazamaji angejua unazungumzia nini.

Uliondolewa mashindanoni kabla ya fainali. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, nayo ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Usiku wa kuamkia siku yao, polisi walimkamata Malala alipokuwa akienda kukutana na wanafunzi. Asubuhi wakajikuta bila mwelekezi wao, bila vifaa na bila watazamaji.

Si mara ya kwanza kwa shule hiyo. Mwaka 2013 mchezo wake "Shackles of Doom", ambao pia uliandikwa na Malala, ulizuiwa kufika fainali, na wakati huo pia ni Mahakama Kuu iliyoondoa marufuku. Mwaka 2013 waliigiza. Mwaka 2025 amri ya korti ilikuwa mkononi, lakini jukwaa lilikuwa limezingirwa.

Somo la Limuru

Wazee wetu wanakumbuka kisa kingine. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandikia mchezo kwa Kikuyu, "Ngaahika Ndeenda", nao wanakijiji wakausahihisha wakisema mkulima haongei hivi, kibarua halipwi vile.

Ulianza kuonyeshwa Oktoba. Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akazuiliwa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Sasa angalieni jambo hili. Julai ya mwaka huohuo wa 1977, Ngũgĩ alikuwa amezindua riwaya kwa Kiingereza, "Petals of Blood", inayowachoma matajiri na watawala vilevile. Ilizinduliwa hadharani Nairobi, na hakufungwa kwa ajili yake. Kitabu cha Kiingereza kilisomwa na wachache, kila mmoja kivyake. Mchezo wa Kamiriithu ulitazamwa na watu wengi pamoja, kwa lugha yao, wakicheka mahali pamoja.

Hapo ndipo jibu lilipo. Mtu akilalamika peke yake jikoni, hudhani shida ni yake tu. Akiwa kati ya mamia na wote wakacheka mzaha uleule, anagundua kwamba jirani naye anajua. Hilo ndilo linalotisha, kuliko maneno yenyewe.

Hoja ya serikali

Haki ni kusikiliza pande zote. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji kwa nini mwanasiasa ambaye si mwalimu anawafunza wanafunzi mchezo. Mzazi yeyote anaweza kuuliza hivyo, na si kosa. Watoto wasigeuzwe ngazi ya mtu kupandia.

Lakini swali hilo lina majibu yake: kikao cha wazazi na walimu, majaji wa tamasha, na korti. Korti ilikwisha kusema. Anayedai kuwalinda watoto hawezi kufyatua vitoa machozi karibu na mahali walipo.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka ipo: hairuhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kumkera kiongozi hakumo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo kama mna kikundi cha ngoma au maigizo kijijini, na mtu akaja kuwazuia, muulizeni mambo mawili kwa heshima: ni sheria gani, na agizo liko wapi kwa maandishi? Agizo la mdomo ni vigumu kulipeleka kortini.

Tunachohofia zaidi

Hatuhofii sana mchezo mmoja uliozimwa. Huo ulisambaa kwenye simu hadi kwa watu ambao hawajawahi kufika ukumbini. Tunahofia mwalimu wa drama wa msimu ujao, anayekaa na kalamu, akakumbuka Nakuru, akaamua kuandika juu ya usafi wa mazingira. Hakuna atakayemkamata. Hakuna atakayejua kuna mchezo uliokufa.

Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025, chini ya wiki saba baada ya wasichana wa Butere kushuka jukwaani. Viongozi walimwomboleza kwa maneno mazuri. Tungefurahi zaidi kama heshima hiyo wangeipata pia waandishi walio hai.