Siri Inayosafiri Ndani ya Kompyuta

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yawafaa wahandisi wa kompyuta. Kwa miaka mingi ulinzi wa mashine hizi umewekwa mlangoni: neno la siri, na ukaguzi wa kila ujumbe utokao nje. Vipande vilivyomo ndani ya sanduku vimehesabiwa kuwa ndugu wa nyumba moja, wasio na haja ya kufichana lolote.

Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa Xbox, mashine ya michezo ambayo kwa hakika ni kompyuta kamili. Ufunguo wa kufumbulia programu ya kuiwashia ulifichwa ndani ya chipu moja. Hata hivyo, kila mashine ilipowashwa, ufunguo huo ulisafiri kwenda kwenye prosesa katika njia za shaba, bila kufumbwa. Mwaka 2002 Andrew Huang, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, aliunganisha kibao chake cha elektroniki na njia hizo, akanasa data zilizopita, akaupata ufunguo.

Kosa hilo lilirudiwa. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba ufunguo wa diski iliyofumbwa kwa BitLocker waweza kunaswa unapotoka katika chipu ya usalama, TPM, kwenda kwenye prosesa, iwapo mwenye kompyuta hakuweka namba ya siri ya kuwashia. Mwizi wa kompyuta ya hospitali hana haja ya kushindana na hesabu ngumu za fumbo. Hutega sikio njiani, akazisoma habari za wagonjwa.

Wako wasemao kwamba mwenye kulifungua sanduku hazuiliki. Lakini kompyuta za leo hubebwa, huibwa, na hupelekwa kwa mafundi. Itifaki ya TPM 2.0 yenyewe ina utaratibu wa kufumba mazungumzo hayo. Ila kinga isiyotumiwa haimlindi mtu.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alifundisha kwamba mfumo wa siri sharti ubaki imara hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Basi mwalimu anapochora prosesa na kumbukumbu ubaoni, asiupite kimya mstari unaoviunganisha. Wanafunzi na waulize: ni nini kinachopita hapo, na ni nani awezaye kukisikia?