Nani Anayelipia Kombe Lililofunikwa?

KIBARAZANI na Bi Salma

Jumamosi nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari, na vijana wa kidato cha tano wakatuchezea Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles aliyoitafsiri Samuel Mushi mwaka 1971. Wasomaji wa kibaraza hiki mnajua ninavyokaa roho juu zikifika hotuba za mgeni rasmi. Safari hii nilirudi nyumbani chakula hakipiti.

Watoto walicheza, wallahi walicheza! Binti aliyekuwa Malkia Jocasta alijifunga khanga juu ya gauni lake. Mjumbe alipofichua kwamba Edipode aliokotwa mlimani akiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa, binti yule hakusema neno. Alianza tu kuviringisha pindo la khanga kidoleni. Ukumbi mzima ukaona: mke keshajua kwamba mumewe ni mwanawe, mume bado. Hapo ndipo hadithi ya siri inapokukaba koo. Damu haijamwagika, ila mtu anayejua anamtazama asiyejua. Kisha akamsihi aache kuuliza. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Msikilize mkeo!" Watu wakapiga makofi.

Nikadhani ni raha ya ukumbini. Kumbe mgeni rasmi naye alikuwa na wazo lilelile. Akasimama, akawaambia watoto kwamba Edipode angefunika kombe mwanaharamu apite, angekufa mfalme, na nyumba yake ikabaki salama.

Salama ipi? Tamthilia inaanza Thebes ikiwa inakufa. Mazao yanaoza, mifugo inaanguka, wanawake wanajifungua maiti. Tauni imekuja kwa damu ya Mfalme Laius, aliyeuawa kwenye njia panda na muuaji akaachwa bila kutafutwa. Wanaozikwa kila siku hawakuwapo njia panda ile. Hao ndio wanaolipia kombe, na mgeni rasmi hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Mimi nina mtu wangu nisiyemsamehe. Ni yule mchunga kondoo, mtumwa wa nyumba ya mfalme, aliyekuwa katika msafara wa Laius na peke yake akanusurika. Kurudi mjini akamkuta muuaji, Edipode mwenyewe, amekalia kiti cha Laius. Akamshika malkia mkono, akaomba ahamishiwe malishoni, mbali, asiuone mji tena. Akakubaliwa. Naijua hofu ya mtumwa, lakini watoto wanne walizaliwa katika ndoa ya Edipode na Jocasta yeye akiwa kimya na kondoo zake. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, angemfuata hukohuko na kiko chake mdomoni. Wanaomjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale wanajua huyo haondoki mpaka mtu aseme.

Mwalimu aliyewafundisha watoto kuigiza alinisindikiza hadi getini.

"Bi Salma, usikasirike. Mgeni ndiye aliyetuchangia mabati ya bweni la wasichana."

Nikamwuliza kama yeye anakubaliana na hotuba ile. Akageuka kutazama bweni, kisha akanijibu kwa sauti ya chini kwamba barua yake ya kuomba uhamisho ameshaipeleka.