Katiba na Mazoea: Tanzania na Kenya Zinafundishana Nini?

Waamini wengi hujiuliza kwa nini nchi mbili jirani, zilizotawaliwa na Mwingereza yule yule na kupata uhuru wao mwaka 1961 na 1963, zinaongozwa kwa namna tofauti kiasi hiki. Jibu jepesi ni kwamba katiba zao hazifanani. Ni kweli, lakini katiba huandikwa na watu wenye mazoea yao, na watu hao hao ndio wanaoitumia.

Tutazame utaratibu wa nyumba kumi. Hapa kwetu ulianza miaka ya 1960 ukiwa ngazi ya chini kabisa ya chama cha TANU. Kenya ilipouchukua mwaka 2013, iliuweka chini ya usalama, ili raia washirikiane na polisi. Jina halikubadilika, lakini kazi ilibadilika, kwa kuwa vyama vya jirani zetu huundwa na kuvunjika kila uchaguzi unapokaribia.

Sisi tulilelewa katika umoja. Mfumo wa chama kimoja ulidumu kisheria kuanzia 1965 hadi 1992, na Tume ya Nyalali ilipokusanya maoni, walio wengi walitaka uendelee. Tuliitana ndugu, tukazungumza Kiswahili. Matunda yake yapo hapa Sinza: katika jumuiya ndogo ndogo, Mchaga, Mhaya, Mngoni na Mmakonde husali sebule moja, na mwenyekiti huchaguliwa bila kuulizwa kabila lake. Tusiidharau zawadi hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza watu zaidi ya 1,000, kwa sehemu kubwa kwa sababu kura ilikuwa imefungamanishwa na kabila.

Hata hivyo, jirani alijifunza kutokana na msiba wake. Katiba yake ya 2010 inaruhusu matokeo ya urais kupingwa mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliyafuta matokeo hayo, na Rais aliyekuwa madarakani, ingawa hakukubaliana na uamuzi, alisema atauheshimu. Kwetu, ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais baada ya Tume kumtangaza. Ibara hiyo inapatana na malezi yetu: aliyezoea kuuona ushindani kuwa utengano, huiona kesi ya uchaguzi kuwa ni kuleta fujo nyumbani.

Tarehe 29 Oktoba 2025 ilituonyesha upungufu wa malezi hayo. Maandamano yalizuka jijini mwetu, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, intaneti ikazimwa, na watu wakapoteza maisha. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lalamiko linalokosa mlango halali wa kupitia haliishi kwa kunyamazishwa. Huhama tu kutoka mahakamani kwenda barabarani.

Nabii Isaya anafundisha kuwa amani ni tunda la haki. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alieleza kuwa Kanisa linaithamini demokrasia kwa kadiri inavyowapa raia nafasi ya kushiriki, kuwachagua viongozi, kuwawajibisha na kuwabadilisha kwa njia ya amani. Umoja tunaoulinda unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Mchakato wa Katiba mpya ulisimama baada ya Bunge Maalumu la mwaka 2014 bila kufika kwenye kura ya maoni. Tuendelee kuudai kwa utulivu. Wakati huo huo, tuanze kujenga mazoea yanayoistahili Katiba hiyo: katika jumuiya zetu, mapato na matumizi yasomwe hadharani, viongozi wachaguliwe kwa kura ya siri, na aliyeshindwa asikilizwe bila kuitwa adui.