Udongo Si Umaskini: Jibu kwa Wanaopinga Mafunzo ya Ujenzi wa Asili

Kila linapotajwa wazo la kuwafundisha vijana wetu ujenzi wa asili na uhifadhi wa majengo ya kale, kwa mtaala na cheti, kuanzia Mkunya na Newala mjini hadi Masasi, upinzani huja na hoja zilezile. Mmezisikia vikaoni, mmezisikia kwenye mabasi ya Mtwara, mmezisikia msimu wa minada ya korosho. Wanaozitoa si wajinga, na wengi wao wanaitakia mema nchi yetu ya Umakonde. Kwa hiyo nitazieleza kwa nguvu zake zote, kama wenyewe wanavyozieleza, kisha ninyi wasomaji mpime kama zinasimama.

Ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema nyumba ya miti na udongo ni alama ya umaskini, na kumfundisha kijana kukandika ukuta ni kumrudisha alikotoroka babu yake. Aliyelelewa chini ya paa la nyasi anakumbuka mvua ikivuja kitandani, mchwa wakipanda nguzoni, na kazi ya kuezeka upya isiyokwisha. Mzazi aliyeuza korosho zake akanunua bati hataki kusikia habari ya nyasi. Hayo yote ni kweli, na yeyote anayeyabeza hajalala katika nyumba ya namna hiyo.

Lakini tazameni kinacholaumiwa ni nini hasa. Nguzo iliyoliwa na mchwa ilichimbiwa ardhini bila kinga. Ukuta uliomomonyoka chini haukuwa na msingi ulioinuliwa, na upenu wake ulikuwa mfupi, maji ya paa yakarukia udongoni kila masika. Hayo ni makosa ya ujenzi. Nyumba nyingi za vijiji vyetu zilisimamishwa haraka haraka wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, na haraka ile haikumpa fundi nafasi ya kuchagua mti wala kupima udongo. Tunailinganisha nyumba ya udongo iliyojengwa ovyo na nyumba ya tofali iliyojengwa vizuri, halafu hukumu tunaipa malighafi. Ijengeni nyumba ya tofali za saruji bila msingi imara, kwa mchanga uliozidi saruji, nayo itapasuka kabla mtoto aliyezaliwa humo hajaanza shule. Mbona hapo hatusemi saruji ni umaskini? Tunasema fundi hakujua kazi. Basi udongo nao uhukumiwe kwa sheria hiyohiyo, na kama tatizo ni fundi asiyejua kazi, dawa yake ni mafunzo. Hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, inadai kilekile inachokipinga.

Wala mawazo haya hayakuletwa na wageni. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliikemea wazi tabia ya kung'ang'ania saruji na bati, akaiona kuwa ni kupooza kwa akili: mtu ana udongo mzuri wa tofali za kuchoma na vigae mlangoni kwake, lakini anaishi katika nyumba mbovu akisubiri bati.

Hoja ya pili inatoka kiwandani. Tangu kiwanda cha Dangote kilipoanza kuzalisha saruji Mtwara mwaka 2015, wanasema, mjadala umekwisha, kwa kuwa saruji ni bidhaa ya mkoa wetu na mwenye fedha za korosho ameshachagua. Hoja ina uzito, maana hakuna anayeweza kumlazimisha mtu ajenge kwa kitu asichokitaka, na mafunzo haya hayamlazimishi yeyote.

Lakini hoja hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza ni maji. Zege linataka kumwagiliwa angalau siku saba mfululizo ili likomae. Juu ya uwanda wetu maji ndiyo shida ya kihistoria. Mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde bomba halitoki kila siku kila mahali. Udongo nao unataka maji, sikatai, lakini unayataka siku ya kukanda. Ukishakauka haudai tena. Fundi anayefanya kazi kwenye uwanda usio na mito anapaswa kuzijua hesabu zote mbili, ndipo amshauri mteja kwa haki.

La pili ni zito zaidi, na linahusu majengo yaliyokwisha kuwepo. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, au wa udongo, hupitisha unyevu: huingia, ukatoka. Ukiupiga lipu ya saruji unauziba. Unyevu unabaki ndani, chokaa ya kiungio inalainika, na baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka pamoja na ngozi ya ukuta. Wahifadhi wa pwani nzima wanalijua hilo, na ndiyo sababu magofu ya Kilwa na nyumba za Mji Mkongwe hutengenezwa kwa chokaa. Kwa hiyo wingi wa saruji hauondoi haja ya mafunzo, unaikuza. Saruji ilipokuwa adimu, jengo la kale liliachwa lizeeke polepole. Sasa kila mwenye mfuko mmoja na mwiko anaweza kuliharibu kwa mchana mmoja, tena kwa nia njema.

Hoja ya tatu inasema hakuna cha kuhifadhi huku. Urithi uko Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1981, na uko Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sisi hatuna msikiti wa karne ya 14. Wenye kusoma sheria huongeza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na sisi hatumo.

Wanaoitaja sheria hiyo wasome na sehemu inayompa Waziri uwezo wa kuyatangaza majengo ya baadaye kuwa urithi unaolindwa. Kisha watazame nchi yao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakaanzisha makao mapya ya misheni. Ni Steere yuleyule aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa. Kanisa lile leo linatembelewa na watu wa dunia nzima. Nusu ya pili ya simulizi lake, walikokwenda waliokombolewa na walivyoanza maisha, iko Masasi. Misheni hiyo ilishambuliwa wakati wa Maji Maji mwaka 1905. Newala yenyewe ilitekwa na Wareno mwaka 1916 kisha ikarudishwa na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowahamisha wazee wetu. Mkoa wenye mambo hayo hauwezi kuambiwa hauna la kuhifadhi.

Hapo ndipo wapinzani hubadili msimamo, na naomba mlishike jambo hili vizuri. Ukiwaonyesha boma na makanisa ya mawe, wanasema hayo ni ya Wajerumani na wamisionari, si yetu. Ukiwaonyesha nyumba ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao, yenye nguzo, fito za mianzi na paa la nyasi, wanasema hilo si jengo, ni kibanda. La mawe si letu, na letu si jengo! Vipimo hivyo viwili vikitumika kwa zamu, hakuna nyumba duniani itakayopita. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alipita Masasi na Newala akiandika namna wazee wetu walivyojenga na kuishi, na alivyokusanya vikapelekwa makumbusho ya Leipzig. Mgeni aliona kuna maarifa ya kuandikwa. Sisi tumeshindwa hata kuyapa saa mbili za darasa.

Hoja ya nne ni ya wale wanaopenda mila. Hawa hawakatai thamani ya ufundi, wanakataa shule. Ufundi wa asili, wanasema, hufundishwa na wazee kwa kushika kazi, na ukiuweka kwenye mtaala unaua roho yake. Wana haki kwa nusu. Kukandika, kuchagua mti usioliwa, kusoma nyasi iliyoiva kwa kuezekea, hayo hayafundishwi ubaoni.

Lakini ili mzee afundishe kwa kushika kazi, lazima kazi iwepo, na kijana awepo. Kazi imepungua kwa sababu wengi wanajenga kwa tofali. Kijana hayupo kwa sababu ufundi usio na cheti haumpi zabuni wala mkopo. Wakisubiri mila ijiendeshe, wataisubiri makaburini. Tazameni Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya Makabaka wa Buganda. Lile ni jengo la miti, matete na nyasi, nalo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kazi ya kuliezeka ni ya ukoo wa Ngeye, kwa desturi ya tangu zamani. Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo mila ya uezekaji ina mlinzi wa wazi kuliko pale. Liliungua tarehe 16 Machi 2010. Kulijenga upya kukahitaji kuwafundisha vijana uezekaji kwa mpango maalumu, pamoja na wazee wa ukoo, na eneo hilo halikutoka katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2023. Kama Buganda, yenye kabaka na koo zilizogawiwa kazi, ilihitaji mafunzo ya mpango, sisi tusio na mgawanyo huo tunategemea nini?

Pia pimeni hoja hii pamoja na ile ya kwanza, maana mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu mmoja. Ufundi huu hauwezi kuwa aibu ya umaskini asubuhi na siri takatifu ya wazee jioni.

Ya mwisho ni ajira, nayo ndiyo huwashika wazazi. Nani atamwajiri? Wanaongeza kwamba wataalamu wapo tayari: Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wasanifu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na usimamizi wa urithi, Mombasa kulikuwa na kozi za uhifadhi za mpango wa Africa 2009, na VETA inafundisha uashi.

Orodha hiyo ni ya kweli, na nashukuru wameitaja. Isomeni tena. Karibu yote ni kwa wenye shahada au waajiriwa wa idara, na karibu yote iko mbali na sisi. Mwanafunzi wa uashi naye hufundishwa kupanga tofali, kufunga nondo na kumimina zege, mambo ya lazima, lakini hayamwambii chokaa ilowekwe kwa muda gani kabla ya kutumika. Mwenye shahada huchora na kuandika ripoti. Anayeugusa ukuta ni fundi. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilikarabatiwa na shirika la Trade Aid mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa hoteli. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watu wa huko huko. Kilwa ilitoka katika orodha ya hatari mwaka 2014 baada ya waashi kukaa na kuta zile kwa miaka. Ajira zipo, na zimekuwa zikiwafuata waliofundishwa. Na zina uzito wa roho za watu: sehemu ya Beit el Ajaib ya Zanzibar, jengo la 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na waliokuwa kazini wakapoteza maisha.

Kuhusu gharama, VETA tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka. Utaratibu huo uanzie kwa wazee wachache wa Newala na Masasi wanaojua kuezeka na kukandika, wapate cheti kwanza, kisha walipwe kama walimu. Ndanda, ambako Wabenediktini wamekuwepo tangu 1906 na karakana zao zinafundisha useremala na uashi, kuna mahali pa kulala wanafunzi na mashine za mbao. Mwaka wa kwanza wajenge nyumba moja ya udongo Mkunya, yenye msingi ulioinuliwa na upenu mrefu, na wapige lipu ya chokaa ukuta mmoja wa jengo la zamani Masasi. Wanaopinga waalikwe kuzikagua kazi zote mbili baada ya masika mbili.